Uyoga Mkavu Hauna Sura

Mvua za mwezi Machi zikisha kuilowesha nchi ya Busongora, udongo wa vichuguu huanza kupasuka usiku, na alfajiri kofia nyeupe na za kijivu huonekana zimesimama mahali ambapo jana yake palikuwa patupu. Mambo ni hayo hayo mvua za pili ziingiapo, kuanzia Septemba. Kati ya misimu hiyo miwili ni kiangazi, na kiangazi cha bonde la Kasese ni kikali. Kwa mama wa nyumbani wa Katunguru, wa Bwera au wa kambini, shida ya uyoga haiko katika kuupata peke yake. Unapopatikana hupatikana mwingi, kwa siku chache tu, na siku ya tatu ulioachwa kapuni umekwisha kuwa maji na mabuu.

Dawa ya hasara hiyo inajulikana tangu zamani, nayo ni kuukausha na kuuweka akiba. Kazi yenyewe si ngumu. Lakini ndani yake limo jambo moja ambalo wengi hawalitazami. Uyoga mbichi una sura: una kofia, una shina, una pete shingoni au hauna, una rangi yake na harufu yake. Uyoga mkavu hauna sura. Ukisha kukatwakatwa na kuanikwa, ule uliotoka kichuguuni na ule uliotoka katika mavi ya nyati, ule wa kulisha watoto na ule wa kuwaua, wote huwa vipande vya rangi ya hudhurungi vinavyolia mkononi kama majani makavu. Hakuna fundi, awe mzee wa kijiji au bingwa wa chuo kikuu, awezaye kuutazama mfuko wa vipande hivyo na kuapa kwamba vyote ni salama. Kwa hiyo kuhifadhi uyoga huanza kabla ya ungo na kabla ya jua. Huanza pale uyoga unapong'olewa, mikononi mwa yule anayeung'oa.

Katunguru ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Kijiji hiki cha wavuvi kiko kwenye daraja la barabara itokayo Mbarara kwenda Kasese, kusini kidogo ya Ikweta, juu ya mfereji wa Kazinga unaoliunganisha Ziwa George na Ziwa Edward. Pande zote kimezungukwa na hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1952 na kupewa jina la Malkia Elizabeth mwaka 1954. Viboko hutoka majini usiku kula majani hata karibu na milango ya watu. Tembo na nyati hupita. Katika nchi ya namna hiyo vichuguu ni vingi, na mavi ya wanyama ni mengi zaidi, na vyote viwili huotesha uyoga mvua inyeshapo. Mkono mmoja hauna haja ya kwenda mbali ili uchume chakula na sumu katika asubuhi moja.

Tena wenyeji wa hapa hawahitaji kufundishwa maana ya akiba. Samaki wa mfereji na wa maziwa haya wamekuwa wakitiwa chumvi, wakianikwa na kukaushwa kwa moshi tangu enzi za mababu, na katika miaka ya 1950 palikuwa na kiwanda cha shirika la samaki pale Kasenyi, kando ya Ziwa George, kilichotengeneza ngege kwa ajili ya miji na migodi. Chumvi yenyewe iko mlangoni: Ziwa Katwe, lililo katika shimo la volkano, limewapa watu chumvi kwa karne nyingi, na mpaka leo wachimbaji huingia katika viwanja vyao vya maji ya chumvi jua linapowaka. Ujuzi wa kuhifadhi samaki, hata hivyo, si wote unaofaa kwa uyoga, kama itakavyoonekana.

Uyoga unaopendwa kuliko wote katika Uganda ni ule wa kichuguu. Waganda huuita obutiko, na mapenzi yao kwao ni ya zamani kiasi kwamba moja ya koo kubwa za Buganda huitwa ukoo wa Obutiko; wenye ukoo huo, kwa kuwa ndio mwiko wao, hawauli. Wanyankole huuita obutuzi. Mtaalamu wa Kifaransa Roger Heim ndiye aliyeupa jamii yake jina la kitaalamu la Termitomyces, mwaka 1942, jina lenye maana ya uyoga wa mchwa. Maana hiyo ni sahihi kabisa, kwani mchwa ndio wakulima wake. Humo ndani ya kichuguu wafanyakazi wao hutafuna miti mikavu na majani, wakayatoa tena na kuyajenga kuwa kitu kama sega la nyuki, na juu ya sega hilo huotesha kuvu ambayo ndiyo chakula cha mji mzima. Mvua inapolowesha udongo, kuvu hiyo hupeleka juu shina refu kama mzizi, likapenya ardhi na kufungua kofia yake hewani. Aina zake ziko nyingi. Iko ndogo kama kifungo cha shati, itokeayo kwa mamia pamoja. Iko ya kadiri ya sahani. Na katika Zambia iko moja ambayo kofia yake hufikia mita moja kwa upana, ambayo wataalamu waliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1980. Hakuna binadamu aliyefaulu kuilima kama mchwa wanavyoilima.

Lile shina refu linaloshuka mpaka ndani ya kichuguu ni alama njema ya kuujua uyoga huu, lakini si alama ya kutegemea peke yake. Mchumaji mzoefu hutazama mambo yote kwa pamoja: mahali ulipoota, msimu, namna shina linavyoshuka, rangi ya mikunjo iliyo chini ya kofia, na harufu. Akikosa moja huuacha. Kuna uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia kichwani na pete shingoni, uotao katika nyasi na viwanja, wa kupendeza kabisa kwa macho. Ukiiacha kofia yake iliyokomaa juu ya karatasi nyeupe usiku mmoja, asubuhi huonekana vumbi lenye rangi ya kijani. Huo ukiliwa hutapisha na kuharisha vibaya. Uyoga wa kichuguu huacha vumbi la rangi ya waridi iliyofifia. Jaribio hilo la karatasi ni zuri kwa mwanafunzi, na kila nyumba inaweza kulifanya. Lakini laweza kufanywa kwa uyoga mzima tu. Kwa vipande vikavu halifanyiki.

Wanaopaswa kuyazingatia haya kuliko watu wote ni wale ambao kazi yao ni kuhamahama, na hao ni askari, polisi na jamaa zao. Mke wa askari aliyekulia Teso au Nile ya Magharibi ameufahamu uyoga wa kwao tangu utotoni, na ujuzi wake ni wa kweli. Akihamishiwa Kasese ataona uyoga unaofanana na ule, naye atauchuma kwa moyo mkunjufu, kumbe ni mwingine. Maafa ya namna hii yametokea hata katika nchi zenye hospitali kubwa. Katika mwaka 2015 wakimbizi waliotoka Syria walikula uyoga wa porini huko Ujerumani, wakidhani ni ule wa kwao, na wengi wao walifikishwa hospitali wakiwa na sumu inayoharibu ini, wengine walikufa. Mapema mwaka 2012, katika mji wa Canberra huko Australia, watu wawili walikufa kwa uyoga wa aina hiyo hiyo, ambao kwa sura unakaribiana sana na uyoga mmoja mzuri uliwao China. Hawakuwa watu wajinga. Walikuwa watu wenye ujuzi wa mahali pengine.

Sumu hiyo ya ini haiondoki kwa kuchemsha, wala kwa kukaanga, wala kwa kukausha, wala kwa kugandisha katika barafu. Uyoga mbaya uliokaushwa na kuwekwa kabatini miezi mitano ni mbaya vile vile. Imani iliyoko mitaani kwamba jua huchoma sumu ni imani ya kuzika watu. Na yako majaribio mengine ya kienyeji ya kutupiliwa mbali: kutia kijiko cha fedha chunguni na kutazama kama kitakuwa cheusi, kupika pamoja na kitunguu au mchele na kungoja ugeuke rangi, kutazama kama konokono au mbuzi ameula. Konokono hula uyoga unaoua watu akaenda zake.

Sasa tuseme uyoga umechumwa na mtu anayeujua, mahali anapopajua. Kuna neno la kusemwa kuhusu mahali. Uyoga hunyonya madini ya ardhini kuliko mimea mingi. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulifanya kazi kuanzia mwaka 1956 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980, nao uliacha malundo makubwa ya mchanga wa mgodi wenye shaba na kobalti, ambao mafuriko ya mto Nyamwamba yameusomba kuupeleka chini bondeni. Uyoga uotao juu au kando ya malundo hayo usichumwe, wala ule wa kando ya barabara kuu, wala wa mashamba ya pamba yaliyonyunyiziwa dawa. Tukumbuke kwamba kukausha huondoa maji tu. Kilo kumi za uyoga mbichi hutoa kilo moja hivi ya mkavu, na chochote kibaya kilichokuwa katika zile kumi sasa kimo ndani ya hiyo moja.

Tena mtu asiingie katika hifadhi kuchuma bila ya ruhusa ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Sheria hairuhusu, na nyati haulizi kibali.

Uchumwe asubuhi mapema, kofia zikiwa bado hazijafunguka sana, na uwekwe katika kikapu, si katika mfuko wa nailoni. Uyoga uliochumwa bado unapumua. Ndani ya nailoni hutoa jasho na kuanza kuoza kabla haujafika nyumbani. Kila aina iwe na kikapu chake au kitambaa chake. Mchanganyiko katika kikapu ndio mwanzo wa mchanganyiko katika chupa. Ukifika nyumbani, udongo upanguswe kwa kitambaa chenye unyevu au ukwanguliwe kwa kisu, na lile shina refu la chini likatwe. Akina mama wengine hupenda kuuosha kwa maji mengi mpaka uwe mweupe. Ni usafi mzuri kwa mboga ya kupikwa siku hiyo, lakini kwa uyoga wa kuanikwa ni kujiongezea kazi, maana unakunywa maji kama sifongo na jua litapata taabu ya kuyatoa. Ule mdogo wa kifungo waweza kusuuzwa upesi, kwa sababu hubeba mchanga mwingi.

Kofia kubwa zipasuliwe vipande vyembamba vya unene wa kidole cha mwisho au pungufu, vyote vilingane, ili visiwepo vilivyokauka nje na vibichi ndani. Ndogo zianikwe nzima. Kinachofaa kuanikia ni ungo, au kichanja kilichotandikwa wavu safi, kiinuliwe juu ya ardhi kiasi cha kiuno cha mtu, hewa ipite juu na chini. Juu yake kifunikwe kipande cha chandarua kisichotiwa dawa, kwa ajili ya nzi, maana mabuu yanayoonekana katika uyoga hutokana na mayai ya nzi. Hapa ndipo ujuzi wa samaki unapopasa kuachwa nje: kichanja kilichokaushia samaki kisitumike. Uyoga hunyonya harufu ya kila kitu kilicho karibu, na baada ya mwezi mmoja mchuzi wa karanga utanuka ufuo.

Bonde la Katunguru lina jua la kutosha. Mvua zake ni haba kuliko za milimani, na siku mbili au tatu za jua kali na upepo zinatosha. Vipande vigeuzwe mara kwa mara, na jioni kabla ya umande viingizwe ndani. Akiwa na nafasi, mwanikaji na aigeuze mikunjo ya kofia itazame juu kwa saa chache, kwa kuwa mwanga wa jua hutengeneza ndani ya uyoga vitamini D, ambayo mboga nyingine hazina. Bwera ni habari nyingine. Mji huo uko miguuni mwa Rwenzori, mpakani mwa Kongo, na mawingu ya mlima huweza kukaa siku nyingi bila kuondoka. Huko ni heri kutumia kichanja juu ya jiko, moto ukiwa mdogo na makaa yameshika, joto la kuvumilika kwa mkono. Moto mkali huupika uyoga badala ya kuukausha: hutoa maji, huwa mweusi na mgumu kama ngozi. Kuni ziwe safi. Mbao zenye rangi au zilizopakwa dawa ya mchwa zina sumu, na sumu hiyo hupanda na moshi.

Uyoga umekauka pale unapokatika kwa mlio, kama biskuti. Ukipinda bado una maji, na maji hayo machache ndiyo yatakayoleta ukungu. Kwa kupata hakika, vipande vitiwe katika chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, chupa iachwe siku tatu, na kila siku itikiswe na kutazamwa. Ukiona jasho katika kioo, vimwagwe tena juani. Usipoona, akiba imekamilika. Chupa ya kioo au kopo la bati lenye kifuniko kizuri linashinda mfuko wowote, kwa maana panya na dudu wadogo wa nafaka hutoboa mifuko. Chombo kikae gizani, mahali pakavu, mbali na mafuta ya taa na sabuni. Kwa hali yoyote asitie mtu ndani yake vidonge vya kufukuza nondo, wala ile dawa ya unga inayotiwa katika mahindi. Uyoga uliokaushwa vema hukaa miezi sita, na hata mwaka, ladha yake ikipungua polepole. Ukionekana una ukungu, utupwe wote, usichambuliwe.

Na juu ya chombo ibandikwe karatasi. Kambini, ambako nyumba zinapakana na vyakula hupelekwa kwa jirani, karatasi hiyo si urembo. Iandikwe aina ya uyoga, mahali ulipochumwa, mwezi na mwaka, na jina la aliyeuchuma. Chombo kisicho na jina kisiliwe, hata kama kimetoka kwa mtu mpendwa. Bibi wa kijijini atakasirika kwa siku mbili, na akasirike.

Wako wanaopenda kutia chumvi. Njia hiyo yafaa pale jua linapokosekana. Uyoga huchemshwa kwanza dakika chache, ukachujwa, ukapangwa katika mtungi tabaka kwa tabaka na chumvi nyingi, sehemu moja ya chumvi kwa sehemu tatu au nne za uyoga kwa uzani, na juu kuwekwa jiwe safi la kuugandamiza mpaka maji ya chumvi yaufunike. Chumvi ya Katwe hutoka kwa daraja mbalimbali. Ile ya mawe inafaa zaidi kwa ng'ombe, na kwa chakula itakiwe ile nyeupe iliyosafishwa, tena chumvi ghafi ya ziwani haina madini joto ambayo mwili unahitaji. Kabla ya kupika, uyoga hulowekwa na maji kubadilishwa mpaka ukali upungue. Jambo la kuogopwa ni kuufungia uyoga mbichi au uliochemshwa katika chupa ya mafuta au ya maji matupu, bila ya chumvi nyingi wala siki. Mle ndani hewa hakuna, na vijidudu vya udongoni vipendavyo mahali pasipo hewa huweza kutengeneza sumu inayopooza mwili, isiyo na harufu wala ladha.

Imebaki habari ya uyoga wa mavini, na ni afadhali kuieleza wazi kuliko kuwaachia vijana wanong'onezane. Katika mavi ya ng'ombe, nyati, tembo na viboko huota aina nyingi za uyoga mdogo wenye shina jembamba. Nyingi hazina faida yoyote. Chache zina kitu kiitwacho psilosibini, ambacho hakiui kama ile sumu ya ini, lakini huivuruga akili. Mtu aliyekula, baada ya nusu saa au saa moja, huona rangi na maumbo yasiyokuwapo, husikia muda umesimama, hucheka au hushikwa na hofu kuu, na hali hiyo huendelea saa nne hadi sita. Wenyeji wa milima ya Meksiko waliutumia uyoga wa aina hiyo katika ibada na uganga kwa karne nyingi. Dunia ya nje ilipata habari zake baada ya Mmarekani R. Gordon Wasson kuhudhuria ibada ya mganga María Sabina mwaka 1955 na kuandika habari hizo gazetini mwaka 1957. Mwaka uliofuata mkemia wa Uswisi Albert Hofmann aliitenga psilosibini yenyewe. Afrika nayo inao: katika mwaka 2024 wataalamu walieleza aina mbili mpya zilizopatikana Afrika ya Kusini na Lesotho.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 uliiweka psilosibini katika kundi la kwanza, lile la dawa zinazobanwa kuliko zote, na kuuchuma au kuuweka uyoga huo kwa makusudi ya kulewa ni kujitafutia kesi. Ni kweli kwamba madaktari wa nchi kadha wanaupima kama tiba ya huzuni nzito, na Australia iliruhusu mwezi Julai 2023 madaktari wa akili wenye kibali maalumu kuwapa wagonjwa wachache. Hiyo ni dawa iliyopimwa, chumbani, mgonjwa akiwa chini ya macho ya mabingwa. Haifanani hata kidogo na kijana anayekula kitu alichookota kando ya mfereji wa Kazinga. Kipimo hakijui; aina haijui; na katika mavi hayo hayo na nyasi hizo hizo huota uyoga mwingine mdogo wa kahawia ambao una sumu halisi. Mvuvi aliyepotewa na akili yuko ndani ya maji yenye viboko na mamba. Dereva yuko barabarani. Askari ana bunduki.

Kwa nyumba ya kawaida, hata hivyo, hatari si yule anayeutafuta. Hatari ni ule uliochanganyika. Mtoto aliyetumwa kuleta uyoga huleta alichokiona, cha kichuguuni na cha mavini pamoja. Mama ana haraka. Vyote vinaingia unguni. Kukausha hakuiondoi psilosibini, kama kusivyoiondoa sumu ya ini. Baada ya miezi mitatu chakula cha jioni huwa kimegeuka kuwa jambo la kutisha, na hakuna ajuaye limetoka wapi. Kwa sababu hiyo kanuni ya wachumaji wazuri ni fupi: kinachoota katika mavi hakiingii kapuni, na mtoto anachuma akiwa na mtu mzima.

Likitokea la kutokea, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja; kwa upande huu ziko Bwera na Kagando. Asinyweshwe maziwa wala mafuta ya mawese wala maji ya chumvi ili atapike. Mabaki ya chakula, na chombo cha uyoga mkavu pamoja na karatasi yake, vichukuliwe. Aliyeona maruweruwe awekwe mahali patulivu, asiachwe peke yake, na silaha iondolewe karibu naye. Waganga huuliza kwanza: ameanza kuumwa saa ngapi baada ya kula? Kutapika kunakoanza mapema, katika saa moja au mbili, mara nyingi ni kwa sumu nyepesi. Kunakoanza baada ya saa sita au zaidi ndiko kubaya. Tena mgonjwa wa sumu ya ini huweza kupata nafuu siku ya pili, akaomba uji, akataka kurudi nyumbani, na siku ya tatu macho yakawa ya manjano. Nafuu hiyo imewadanganya wengi. Asiruhusiwe kuondoka. Na wote waliokula chungu kimoja naye wapelekwe, hata wasioumwa.

Kwa familia isiyo na mchumaji anayeaminika, iko njia nyingine, nayo ni kulima. Uyoga wa kichuguu haulimwi, lakini ule uitwao mamama huota vizuri katika mabua na maganda ya mbegu za pamba, na Kasese ni nchi ya pamba. Makapi hulowekwa, hupikwa kwa mvuke ili kuua kuvu za porini, hupoa, hutiwa mbegu ya uyoga iliyonunuliwa kwa mtaalamu, na hufungwa katika mifuko ndani ya chumba chenye giza na unyevu. Katika majuma machache kuvu nyeupe huwa imeenea, mifuko hutobolewa, na uyoga hutoka. Chumba kimoja cha nyuma ya nyumba kinatosha, na mifuko haitaki shamba. Jambo hili ni la maana Katunguru, ambako wanyama hawaachi shamba lolote likae. Uyoga wa mamama hukaushwa kama ule wa kichuguu, na anayeuweka katika chupa anajua kwa yakini ni nini alichokiweka.

Wakati wa kupika, uyoga mkavu hulowekwa katika maji ya vuguvugu kwa nusu saa. Hurudia karibu umbo lake, ukawa laini. Maji hayo yasimwagwe, kwa kuwa yamechukua ladha nyingi. Yaachwe yatulie, mchanga uzame, kisha yamiminwe polepole chunguni, na tone la mwisho lenye mchanga liachwe. Karanga zilizotwangwa zichanganywe na maji hayo, chumvi kidogo, nyanya na kitunguu, uyoga utiwe, na moto uwe wa taratibu kwa muda wa nusu saa. Mkungu mdogo wa matoke uliovuliwa maganda na kupikwa ndani ya majani ya mgomba unafaa pembeni yake. Ngumi mbili za uyoga mkavu hulisha watu sita.